Msalimie Akirudi

Watoto walimwita Bi Rula, na yeye hakuwa na kinyongo na jina hilo. Kwa miaka ishirini na mmoja kazi yake ilikuwa kupima vimo katika kliniki ya ukuaji wa watoto, chumba cha tatu kushoto ukishapita dirisha la dawa. Mlikuwa na ubao mrefu wa kupimia uliokazwa ukutani, mizani, meza, viti vitatu na jokofu dogo lenye kufuli. Alikuwa mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi. Kabla ya kumpima mtoto alimgusa kidevu na kumwambia, "Visigino ukutani, macho mbele, na shingo usiinyooshe kama kuku aliyesikia jina lake likitajwa jikoni." Mtoto angecheka, mabega yakashuka, na hapo ndipo kipimo kilipokuwa cha kweli.

Waliokuja kwake walikuwa watoto waliochelewa kukua kwa sababu miili yao haikutengeneza homoni ya kutosha. Tiba yao ilikuwa sindano moja kila jioni, mwaka hadi mwaka, na sindano hiyo huchomwa nyumbani, na mama au baba, au na mtoto mwenyewe akishapata ujasiri. Bi Rula aliwafundisha, akawapima, na akajitahidi kujua nani anachoma kweli na nani anamtia changa la macho.

Zamani kila familia ilipewa daftari la kutia alama kila siku. Wengine waliyajaza ya miezi mitatu palepale kwenye benchi la nje, kwa kalamu moja na mkono wa haraka. Bi Rula alifungua, akatazama, akauliza kwa upole, "Hii kalamu haiishi wino? Niambieni mlinunua wapi, na mimi nikanunue." Mzazi angeinama, kisha maneno yangetoka: mtoto amegoma, jokofu limeharibika, bibi kasema sindano zinaharibu mtoto, baba na mama hawasemezani. Akimaliza kuwasikiliza, saa nzima imekwenda na foleni nje inanung'unika.

Kisha vikaja vichomeo vipya. Vilikuwa vifaa vya plastiki vyeupe, ukubwa wa kifuko cha miwani, vyenye dawa ndani na sindano iliyojificha. Ukikibonyeza kilitoa mlio, kikarekodi siku, saa na kipimo, kikatuma habari hadi kwenye kompyuta ya kliniki. Siku iliyochomwa ilionekana kijani, iliyorukwa, nyekundu. Na kila Jumapili simu ya mzazi ilipokea ujumbe: Hongera, wiki nzima bila kukosa!

Wauguzi waliitwa ukumbini kutoa maoni kabla vifaa havijaanza kutumika. Mmoja, aliyekaribia kustaafu, alisema, "Mnatugeuza polisi." Mwingine akauliza, "Na yule ambaye kwake mtandao haushiki mpaka apande juu ya kiti?" Bi Rula alisimama, akavuta gauni lake likae sawa, akasema, "Mimi nimechoka kuwa mpelelezi wa kalamu. Kama mashine inaweza kusema ukweli, iseme, mimi nibaki na uuguzi wangu." Watu wakampigia makofi. Alirudi kukaa akiwa amefurahi.

Kwa kuwa kijani ilionekana hata kwa mbali, wakubwa waliamua kwamba familia zenye alama nzuri hazina haja ya kuja kila miezi mitatu. Zitakuja mara moja kwa mwaka, na katikati zitaonwa kwa simu ya picha. Bi Rula alipewa watoto mia na themanini badala ya tisini. Pembeni yake akawekwa muuguzi kijana waliyemwita Waya, kwa kuwa hukumwona bila waya wa chaji shingoni.

Miongoni mwa hao mia na themanini alikuwamo Punje.

Punje lilikuwa jina alilopewa na baba yake. Alifika kliniki akiwa na miaka tisa na kimo cha mtoto wa miaka mitano, sentimita mia na nane, ameshika mkono wa baba kwa vidole viwili tu. Baba alikuwa fundi cherehani, mrefu, mkimya, na tepu ya kupimia ilining'inia shingoni mwake hata hospitali. Alipoiona tepu hiyo, Bi Rula alisema, "Leo tumekutana wapimaji wawili. Tusije tukagombana." Fundi akacheka mpaka akafunika mdomo.

Hakukuwa na mzazi aliyefundishika upesi kama yeye. "Sindano ni ndugu yangu, sista," alisema. "Zimeninyooshea maisha." Kila jioni saa mbili alimketisha binti kwenye meza ya cherehani, akamwambia, "Tunatia kishono kimoja tu," akamchoma. Na kila nguo aliyomshonea aliiachia pindo pana chini, lililokunjwa mara tatu. Punje akirefuka, fundi alifumua kunjo moja. Walipokuja kliniki binti aliinua upindo wa sketi amwonyeshe Bi Rula mstari ulioachwa na mshono wa zamani. "Tumeshuka hapa, sista. Tulikuwa hapa."

Katika miaka miwili alipata sentimita kumi na nane. Daktari, mtu wa haki lakini mwenye haraka, alimwonyesha Punje kwa wanafunzi wake kama mfano. Alama zake zilikuwa kijani tupu.

Kisha, katika mwezi mmoja wa mvua, kompyuta ilionyesha siku mbili nyekundu kwenye jina lake. Siku mbili tu, halafu kijani ikaendelea. Mfumo wenyewe ulishatuma ujumbe kwa simu ya baba: Umesahau? Usijali, endelea leo. Asubuhi hiyo Bi Rula alikuwa na nyekundu arobaini za kushughulikia, zingine za wiki nzima. Chini ya kila moja palikuwa na kitufe cha kubonyeza ukishamaliza, kimeandikwa: Limeshughulikiwa. Aliziona zile mbili za Punje, akasema moyoni, kwa fundi yule hakuna shaka, akabonyeza.

Miezi miwili baadaye ikawa zamu ya Punje ya simu ya picha. Ilikuwa simu ya tisa kati ya kumi na mbili za asubuhi hiyo. Mama alitokea kwenye kioo, mwanamke mwembamba ambaye Bi Rula alikuwa amemwona mara moja tu, ameketi mbele ya ukuta uliobanduka rangi. Picha ilikatika ikarudi. Mama alisoma kimo alichompima binti kwenye fremu ya mlango. Kilikuwa kidogo kuliko kilivyotarajiwa, lakini vipimo vya mlangoni ndivyo vilivyo.

"Na sindano?" Bi Rula aliuliza, ingawa kijani ilikuwa mbele yake.

"Anajichoma mwenyewe siku hizi. Hataki nimguse. Baba yake hayupo."

"Sawa, mama. Basi msalimie akirudi."

Palikuwa na kimya. Bi Rula alidhani mtandao umekatika. Kisha mama akasema, "Haya," na kioo kikawa cheusi. Daktari aliposoma taarifa alipandisha dozi kidogo. Kipimo cha damu, cha kuonyesha kama dawa inafika mwilini, kiliahirishwa hadi mwakani, kwa kuwa mtoto huyu alikuwa kijani.

Mama na binti walikuja wenyewe mwaka ulipotimia, Punje akiwa na miaka kumi na miwili na mwezi mmoja. Bi Rula alimgusa kidevu, akamwambia habari za kuku, na binti hakucheka. Ubao ulisema mia na ishirini na nane na nusu. Alimshusha, akampima tena. Ilikuwa hivyo hivyo: sentimita mbili na nusu kwa mwaka na mwezi, sawasawa na mtoto asiyepata dawa kabisa. Picha ya eksirei ya mkono ilionyesha kwamba mifupa haikuwa imemngoja. Dalili za kupevuka zilishaanza, na mifupa ikishapevuka hufunga, na ikifunga hakuna dawa inayoifungua.

Daktari alitazama kioo, akatazama karatasi. "Alama asilimia tisini na tisa, dozi tumepandisha, na hakuna kitu. Dawa haimfai. Tusimtese bure, tusimamishe."

"Nipe dakika kumi naye," Bi Rula alisema.

Alimlaza Punje kitandani, akavuta pazia, akaomba ruhusa ya kutazama mapaja na tumbo. Mtoto anayechomwa kila siku huwa na ramani yake: vidoa, uvimbe mdogo chini ya ngozi, alama ya juzi inayogeuka manjano. Bi Rula alipapasa kwa ncha za vidole, kulia na kushoto. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Unachoma wapi, mwanangu?"

"Hapa," Punje alisema, akigusa paja, huku akitazama dari.

Bi Rula akamgeukia mama, ambaye alikuwa amesimama nje ya pazia na mkoba mikononi. "Mama Punje, umewahi kumwona akijichoma?"

"Anafunga mlango. Lakini nasikia mlio, sista, kila siku nasikia. Nikiusikia natulia."

"Na baba je? Baba yake anasemaje?"

Mama alimtazama bila hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa na hasira.

"Baba yake hayupo, sista. Nilikwambia. Aliumwa kichwa Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Ulisema nimsalimie."

Bi Rula alikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Alikuwa amewapa wazazi habari mbaya nyingi katika maisha yake, na kila mara alijua pa kuweka mikono. Siku hiyo hakujua. Alisema, "Nisamehe," na mama akajibu, "Hukujua," na yote mawili yalikuwa kweli na hayakusaidia kitu.

Walipoondoka, Waya alifungua kumbukumbu za kichomeo na kuziteremsha polepole kwa kidole. Saa mbili usiku, saa mbili usiku, saa mbili usiku, miaka miwili. Kisha nyekundu mbili. Kisha saa kumi alasiri, saa kumi, saa kumi, hadi jana yake. "Unaona, dada? Saa zilibadilika siku ileile," alisema. Chini ya zile nyekundu mbili lilikuwapo neno Limeshughulikiwa, na pembeni yake jina la muuguzi. Waya aliliona. Aligeuza kioo upande wake kama mtu anayekwepa mwanga wa dirisha, akaanza kuzungumzia betri.

Jumamosi Bi Rula alikwenda kwao. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, uchochoro umejaa vumbi la saruji. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana ya fundi. Cherehani ilifunikwa shuka. Mkasi mkubwa ulining'inia msumarini, na chini ya dirisha palikuwa na gunia la vipande vya nguo vilivyobaki. Bi Rula hakuhitaji kuambiwa. Dawa ile ina harufu yake, kali, kama ya hospitali iliyofungwa ndani ya chupa, na harufu hiyo ilitoka katika gunia zima.

Mama alikuwa uani akianua nguo. Punje alisimama kando ya gunia.

"Sikuja kukugombeza," Bi Rula alisema. "Nimekuja kwa sababu nilipaswa kuja mwaka jana."

Binti akaenda kwenye kabati, akafungua. Nguo zilipangwa kwa rangi: sketi za shule, gauni mbili za kutokea, koti dogo lenye vifungo vya mbao. Alishika sketi moja, akaigeuza upindo. Ulikuwa umeshushwa hadi mwisho. Hapakuwa na kunjo lililobaki, ila mistari mitatu hafifu, mmoja juu ya mwingine.

"Hili ndilo la mwisho," Punje alisema. "Alilifumua wiki ile. Nikiongezeka hazitanitosha."

"Mama angeweza kukununulia..."

"Si hizi."

"Ni kweli," Bi Rula alisema. "Si hizi."

"Nilitaka nisubiri kidogo tu. Halafu nilipotaka kuanza tena nikaona nimeshachelewa kusema." Aliirudisha sketi kabatini. "Mama akisikia mlio alikuwa analala. Asipousikia halali."

Bi Rula alimvuta, na mtoto akaja na kichwa chake kikamfikia kifuani, akalia kilio cha mtu aliyekibana mwaka mzima, kilio kisicho na adabu, cha kamasi na kwikwi. Mama aliingia na nguo mabegani, akasimama mlangoni. Alilitazama gunia, akamtazama mwanawe, akazitua nguo sakafuni. Alipiga magoti akawakumbatia wote wawili, na mikono yake ilikuwa na ubaridi wa nguo mbichi.

Baadaye, wakinywa chai, mama alitoa simu ya marehemu. Namba hiyo ndiyo iliyoandikishwa kliniki, na alikuwa akiitia chaji kila siku. "Kila Jumapili inaleta hongera," alisema. "Nilikuwa najiambia, kumbe kuna watu huko bado wanamfikiria."

Bi Rula alipeleka kikombe mdomoni ili asilazimike kujibu.

Jumatatu alimweleza daktari kila kitu, pamoja na kile kitufe alichobonyeza. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hata mimi sikuuliza," alisema. Dawa haikusimamishwa. Mama alijifunza kuchoma. Wiki mbili za kwanza Bi Rula alimpigia simu jioni baada ya jioni, kwa simu yake mwenyewe, baada ya saa za kazi.

Ilisaidia, lakini si kama ambavyo ingesaidia. Katika mwaka wake wa kumi na tatu Punje aliongezeka sentimita saba. Kisha akavunja ungo, kasi ikapungua, mbili, halafu nusu, halafu ubao ukaanza kusema maneno yaleyale.

Katikati ya wakati huo mtafiti alikuja kukusanya maoni ya wauguzi juu ya vifaa. Alikuwa msichana mpole mwenye kinasa sauti na karatasi ya maswali. Waya alihojiwa kwanza, na kwa vile ukuta ni mbao Bi Rula alisikia.

"Mashine haikudanganya," Waya alisema. "Ilisema kifaa kimebonyezwa saa fulani. Sisi ndio tuliosema mtoto amechomwa. Na bila hizo saa tungejuaje siku mambo yalipobadilika? Mimi nisingependa yarudi yale madaftari."

Bi Rula alipoitwa aliulizwa kama, kwa ujumla, vifaa vinarahisisha kazi yake.

"Vinarahisisha," alisema. "Ndipo penye shida. Zamani nilimuuliza mtu kwa sababu nilikuwa simwamini, na katika kumuuliza nikajua mkewe mgonjwa, au kazi imekwisha. Sasa namwamini, basi simuulizi. Nilimtumia salamu maiti, dada. Andika hivyo."

Mtafiti alisita, akaandika. Ripoti ilipotoka, ikiwa na jalada la samawati, Waya alimletea wakaisoma pamoja. Katika ukurasa wa kumi na tisa paliandikwa kwamba muuguzi mmoja mwenye uzoefu alipendekeza mawasiliano na familia yaimarishwe. Waya alisubiri acheke. Bi Rula alicheka kidogo, ili kumridhisha.

Punje alikuja mara ya mwisho akiwa na miaka kumi na minne na nusu. Picha ya mkono ilionyesha mifupa imefunga. Bi Rula alimpima kwa utaratibu uleule, akaandika mia na thelathini na nane, akafunga faili. Mama alikuwa kwenye dirisha la dawa akirudisha vichomeo. Binti hakushuka kwenye ubao.

"Sista, nisingeacha, ningefika wapi?"

Bi Rula alikuwa na majibu mengi ya huruma. Hakuna ajuaye, mwanangu. Urefu si hoja. Hata pilipili ni ndogo. Aliyatazama yote akaona kwamba huyu binti alikuwa ameshadanganywa vya kutosha na vitu vyenye nia njema.

"Kwa hakika hakuna ajuaye," alisema. "Lakini nakisia hapa." Akainua kiganja ubavu, juu zaidi ya kichwa cha Punje, akakibana ukutani.

Punje aliteleza chini ya mkono, akageuka kutazama. Kati ya alama ya kimo chake na mkono wa muuguzi palikuwa na upana wa kiganja kimoja. Alikitazama kiganja hicho kama mtu anayesoma barua fupi mara mbili.

"Si mbali sana," alisema.

"Si mbali," Bi Rula alijibu, na mkono ukabaki ukutani baada ya binti kuvaa viatu, kuchukua mkoba wake na kutoka. Nje mtu alikohoa. Kulikuwa na watoto saba kwenye benchi. Aliushusha mkono, akaenda mlangoni, akamwita wa kwanza. Aliyeinuka naye alikuwa mwanamke mzee kidogo, wa umri wa bibi, ilhali kwenye faili mlezi aliyeandikwa alikuwa mama.

"Karibuni," Bi Rula alisema, akavuta kiti karibu na chake, akaipa kompyuta mgongo. "Kabla sijampima, niambieni. Nyumbani hamjambo wote? Nani yupo, nani hayupo?"